Alama ya Dole Katika Daftari

(Hotuba ya mwanachama mmoja baada ya chakula cha jioni, kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Leo asubuhi tumeonyeshwa daftari la kuandikishia wanafunzi la miaka yetu. Kwenye mstari wangu, mahali pa sahihi ya mzazi, pana dole gumba la marehemu baba yangu. Ndugu mmoja akaniuliza, "Wewe mtu wa maabara, je, kutokana na dole hili waweza kumpata mzee mwenyewe?" Nimeombwa nimjibu mbele yenu.

Umbo la dole halina taabu kubwa. Hata pasipo wino, kidole kikigusa karatasi huacha jasho, na karatasi hulinywa. Tangu mwaka 1954 wataalamu wamejua kuitumia dawa iitwayo ninhidrini, ambayo hukutana na amino asidi za jasho ikageuka rangi ya zambarau. Alama iliyojificha miaka mingi hujitokeza.

Pamoja na jasho huweza kubaki chembe chache za ngozi, na ndani yake vinasaba, yaani DNA. Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Mwaka 1997 Roland van Oorschot na Maxwell Jones, huko Australia, walionyesha kwamba hata kitu kilichoshikwa tu kwa mkono chaweza kutoa vinasaba. Mtaalamu hupangusa alama kwa kijiti cha pamba chenye maji, au hukata kipande cha karatasi, kisha hunakili vinasaba mara nyingi mno mpaka visomeke. Lakini karatasi ni mchoyo. Nyuzi zake hushikilia chembe, na kinachotoka ni haba.

Hapo ndipo penye hatari, maana anayenakili kilicho haba hunakili na uchafu wake.

Huko Ujerumani, mwezi wa Aprili 2007, askari wa kike aliuawa kwa risasi mjini Heilbronn. Vinasaba vilivyopatikana kwenye gari lake vilikuwa vya mwanamke aliyekwisha kutafutwa kwa mauaji na wizi Ujerumani, Austria na Ufaransa. Alionekana kupita mahali kama 40. Zawadi ya euro 300,000 ikatangazwa.

Halafu, mwaka 2009, wachunguzi walitaka kuthibitisha maiti iliyoungua ilikuwa ya nani. Walidhani ni ya mwanamume aliyeomba hifadhi ya ukimbizi, na fomu yake ilikuwa na alama za vidole. Wakazipangusa alama hizo, akatokea mwanamke yule yule! Wakarudia kwa kijiti kingine, hakuonekana. Mwuaji huyo hakuwapo kabisa. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kike aliyevishika vijiti kazini. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu si kuondoa vinasaba. Bastola ya yule askari ilipatikana mwaka 2011, kwa kundi la watu wengine kabisa.

Ndugu zangu, miongoni mwetu wamo mahakimu, mawakili na askari polisi. Mkiletewa ripoti ya vinasaba kutoka kwenye karatasi, msiulize tu ni vya nani. Ulizeni: karatasi imepita mikono mingapi? Je, kijiti kisichogusa kitu nacho kilipimwa? Ulizeni kabla mtu hajafungwa.

Sasa nimjibu ndugu yangu. Daftari lile limeshikwa na makarani, na walimu wakuu, na leo asubuhi, kwa furaha, nimelishika mimi mwenyewe. Vikitoka leo vinasaba vinavyoelekea vya baba, yawezekana kabisa ni vyangu, kwa kuwa nusu ya nilivyo navyo nimevipata kwake. Lakini mistari ya dole lile ni yake peke yake. Hiyo yanitosha.

Naomba tu, Mwalimu Mkuu, daftari lile liwekwe kabatini, na atakayelifungua avae glavu.