Historia Yetu Isife Pamoja na Mradi

Hotuba kwa familia zilizohama makwao na viongozi wao, Kalemie, jimbo la Tanganyika

Mmezoea kuniona nikija na karatasi za kuandikisha majina. Leo sikuleta unga wala maturubai. Nimekuja tuongee juu ya vipindi vya historia, vya redio na vya filamu, na tujiulize ni nani atavitunza.

Najua mtu atasema: tuna njaa, historia ni ya nini? Swali hilo ni la haki. Lakini wengi wenu mlikimbia kwa sababu ya historia iliyosimuliwa vibaya: nani alitangulia kufika, shamba ni la nani, nani alimtumikisha nani. Kabla panga halijainuliwa, maneno yalikuwa yamekwisha kupita.

Tuangalie jirani zetu wa Rwanda. Redio RTLM, iliyochochea mauaji ya mwaka 1994, ilianza kutangaza Julai 1993. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na katika rufaa ya mwaka 2007 akapewa kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo, kujua historia peke yake hakuleti amani. Tunapaswa kuangalia inasimuliwa namna gani, na nani anapewa nafasi ya kujibu.

Hapa Kongo tulipata mfano mwingine. Radio Okapi ilianza Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita. Iliundwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, shirika la Uswisi. Watu wa pande zilizokuwa zikipigana walisikia redio moja, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa.

Lakini wafadhili hawakai milele. Hirondelle iliondoka Radio Okapi mwaka 2014. MONUSCO iliondoka Tanganyika mwaka 2022, na Kivu ya Kusini mwaka 2024. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha matangazo ya Sauti ya Amerika, na mwaka huo huo ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Redio ndogo za mitaa huishi kwa dakika zinazolipiwa na miradi. Mradi ukiisha, kipindi cha historia ndicho hukatwa kwanza, maana kina gharama: safari, mafuta ya pikipiki, siku nyingi za kusikiliza wazee. Muziki hauna gharama hiyo.

Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Inaeleza matukio 617, na mashahidi zaidi ya 1,280 walihojiwa. Ni kazi kubwa. Lakini mama asiyesoma ataijua namna gani, kama si kwa redio au filamu?

Niwaambie yaliyonipata mimi. Katika kikundi kimoja cha wasikilizaji tulisikiliza kipindi juu ya mzozo wa Watwa na Waluba. Sauti zote zilikuwa za upande mmoja. Mzee mmoja Mtwa aliinuka, akatoka bila kusema neno. Nilimfuata. Akaniambia: «Mumetuzika mara ya pili.» Tulirudi kwake mara tatu mpaka akakubali kurekodiwa. Siku sauti yake iliposikika, wazee wa Kiluba walinyamaza, kisha mmoja akasema: «Hayo sikuyajua.» Tangu siku ile walianza kusalimiana kisimani.

Mwaka uliofuata mradi uliisha. Rekodi zote zilikuwa katika kompyuta moja tu, nayo ikaharibika. Mzee yule alikuwa amekwisha kufariki. Sauti yake ilipatikana kwa bahati, katika kadi ya simu ya kijana aliyekuwa ameinakili ili amsikilizishe mama yake. Hatukupaswa kutegemea bahati. Kosa lilikuwa letu sisi wafanyakazi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila rekodi iwe na nakala tatu, mahali patatu: redioni, kwa kamati yenu, na shuleni au parokiani. Kadi ndogo ni bei nafuu kuliko kurudia safari, na marehemu harudiwi.

Pili, kipindi kisitangazwe kabla pande zote zilizotajwa hazijakisikiliza. Na msimuliaji aulizwe: jina lako litajwe au lifichwe? Kuna ushuhuda unaoweza kumletea mtu kifo. Huo utunzwe, usubiri siku yake.

Tatu, ninyi viongozi, msingoje mradi mwingine. Mkutano wa mwezi utoe nusu saa ya kusikiliza na kujibizana. Redio ikinyamaza, simu moja na kipaza sauti vinatosha.

Siku mtakaporudi vijijini, mtakuta mashamba yamegawanywa upya na watoto wamesahau mipaka. Wataulizana ilikuwaje. Afadhali wawe na sauti za wazee wa pande zote za kusikiliza kuliko uvumi.

Sasa nafasi ni yenu, nami nitasikiliza.