KUACHA VIDONGE VYA MAUMIVU: KWA MARA MOJA AU KIDOGO KIDOGO?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

 

Kamati ya tawi imetutaka sisi wa kazi ya njia tuseme machache juu ya vidonge vya maumivu. Huenda mtu akauliza, Chama kina shauri gani na vidonge? Jibu ni hili. Kazi yetu ni kuinua vyuma na mataruma, kuinama chini ya mabehewa na kukesha usiku. Mgongo unaumia, goti linaumia, mkono unabanwa. Hospitali wanatoa vidonge, maumivu yanapoa, na mtu anarudi kazini. Miezi ikipita anaona ya kwamba hawezi kuamka asubuhi bila vidonge vile. Hapo kila mtu anamwambia, "Wewe ni mwanamume, viache leo!" Naye anaviacha leo, na siku ya tatu hawezi kusimama. Anakosa kazi, barua ya onyo inaandikwa, na mwisho shauri linafika mezani kwa Chama. Basi ni afadhali tulizungumze kabla ya barua.

Sisi si madaktari, wala hatukuja kumwandikia mtu dawa. Tumekuja kueleza mambo ambayo madaktari wamekwisha kuyapima, ambayo kila mfanya kazi yampasa kuyajua.

Kwanza kabisa, mtu ajue jina la kidonge chake. Vidonge vya maumivu si kabila moja. Liko kundi la parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, na ibuprofeni, na diklofenaki. Hivi havimfungi mtu kwa namna tunayoisema leo. Anayevimeza anaweza kuviacha kwa siku moja, na mara nyingine ni lazima aviache kwa siku moja. Akiona choo cheusi kama lami, au akitapika damu, asimeze tena hata kimoja cha ibuprofeni au diklofenaki, bali aende hospitali upesi, maana tumbo limepata kidonda. Na wa parasetamoli ya miligramu 500 akumbuke ya kwamba mtu mzima hapasi kupita vidonge 8 kwa siku, kwa kuwa vikizidi huharibu ini.

Tena yuko mwenzetu ambaye kichwa kinamuuma kila siku, na kila siku anameza. Madaktari wameona ya kwamba anayemeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda wa miezi mitatu na kuendelea, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Kwa vile vyenye kodini ndani hutosha siku 10 katika mwezi. Huyu wa vidonge vya kawaida ataambiwa aache mara moja. Kichwa kitamzidi siku chache, kisha kitapoa.

Kundi la pili ndilo lenye shauri la leo. Hizi ni dawa za ukoo wa afyuni: mofini, kodini, pethidini, na ile inayojulikana sana kwetu, tramadoli. Ni dawa njema mahali pake. Aliyevunjika mfupa au aliyepasuliwa huzihitaji, na mgonjwa wa saratani haimpasi kunyimwa. Lakini mwili huzizoea. Aliyemeza siku mbili tatu tu anaweza kuacha bila taabu. Aliyemeza kila siku kwa wiki nyingi au miezi asiache ghafula.

Kwa nini? Fikirini watu wawili wanaosukuma kiberenge kimoja, huyu upande huu na yule upande ule. Kiberenge hakisogei. Yule mmoja akiondoka ghafula, kiberenge kinakwenda mbio na kumwangusha aliyebaki. Ndivyo ilivyo ndani ya ubongo. Dawa inatuliza, inapunguza pumzi, inalaza. Ubongo, ili mtu aendelee kuwa macho, unasukuma kwa upande wake, na kila dawa inapozidi nao unazidi kusukuma. Dawa ikiondolewa kwa siku moja, ubongo bado unasukuma kwa nguvu zile zile na hakuna wa kuuzuia. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, kamasi na machozi, miayo isiyokwisha, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi unapotea. Huko Pwani huiita arosto.

Kwa dawa zisizokaa sana mwilini, mambo haya huanza baada ya saa 8 mpaka 24 tangu kidonge cha mwisho, na hudumu siku 4 mpaka 10. Kwa zile zinazokaa sana huchelewa kuanza, na huweza kudumu siku 10 mpaka 20. Usingizi mbaya na moyo mzito huweza kuendelea wiki kadhaa. Tramadoli nayo ina la ziada, kwa sababu hugusa na sehemu nyingine za ubongo: akiiacha ghafula, mwingine hushikwa na hofu kubwa, au huona vitu visivyokuwako.

Ndugu, sikilizeni hapa. Mtu kupatwa na hayo si alama ya ulevi. Ni mwili uliozoea, hata kama alimeza sawasawa kama alivyoandikiwa. Na yale maumivu ya mgongo yanayorudi kwa nguvu siku ya pili, sehemu yake kubwa huenda ikawa ni mwili unaolilia dawa. Wengi huyaona, wakasema, "Kumbe sijapona," wakarudia vidonge.

Na hapa ndipo penye mauti. Mtu akikaa siku kadhaa bila dawa, mwili unaanza kusahau. Akishindwa na kurudia kipimo chake cha zamani, kile alichokuwa akikimeza bila neno, sasa kinaweza kumsimamisha pumzi akiwa usingizini. Anayeacha kwa mara moja na kurudia, na kuacha tena na kurudia, yuko katika hatari kuliko aliyepunguza kwa utaratibu. Mke wake na wenzake wajue jambo hili.

Jambo hili limeonekana kwa wingi Marekani. Kwanza madaktari kule waliandika dawa hizi bila kiasi, na watu wengi sana wakafa. Katika 2016 serikali yao ikatoa mwongozo wa kuzipunguza. Madaktari wengine wakaushika kama rungu, wakawakatia wagonjwa wa miaka mingi kwa siku moja. Mwezi wa Aprili 2019 idara yao ya dawa ikatoa onyo: watu waliokatiwa ghafula wamepata mateso makali, na wengine wamejiua. Katika 2022 mwongozo ule ukaandikwa upya. Sasa unasema aliyemeza mwaka mmoja au zaidi huvumilia vyema zaidi akipunguza sehemu 10 katika 100 kwa mwezi, au polepole kuliko hivyo. Aliyemeza muda mfupi zaidi anaweza kwenda upesi kidogo. Basi tusingoje kujifunza kwa misiba yetu wakati majirani wa mbali wamekwisha kuzika wao.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mwenzetu wa genge aliangukiwa na taruma, na kwa mwaka mzima anameza tramadoli za miligramu 50, vidonge 8 kwa siku, yaani miligramu 400, ambayo ndiyo mpaka wa mtu mzima. Daktari akimwambia atoe kimoja, ametoa sehemu ya nane, kama 12 katika 100. Anakaa na saba mpaka mwili utulie, labda mwezi. Kisha sita. Lakini angalieni: akifika vinne, kutoa kimoja ni kutoa robo. Akifika viwili, kutoa kimoja ni kutoa nusu! Ndiyo maana wengi hushuka vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu wakaanguka. Huko chini ndiko pa kwenda polepole zaidi, na daktari anaweza kumpa tramadoli ya matone, ambayo hupimika kidogo kidogo. Mtu asipasue kapsuli wala kuvunja kidonge kilichotengenezwa kuyeyuka polepole, maana dawa yote itatoka kwa mara moja.

Akizidiwa njiani, asimame pale alipo wiki kadhaa, si lazima arudi juu. Mwenda pole hajikwai. Aandike hesabu katika daftari, na vidonge vya wiki viwekwe na mtu wa nyumbani anayeaminika. Asijaze pengo kwa pombe, wala kwa vidonge vya usingizi kama Valium, maana hivyo pamoja na dawa hizi huzuia pumzi. Na aliyekwisha kuzoea Valium naye asiache ghafula, maana huweza kushikwa na kifafa na kufa. Mama mwenye mimba asiache bila daktari. Tumbo likiendesha, anywe maji mengi yenye chumvi za kuongeza maji, zile za pakiti.

Iko na njia ya msaada. Aliyenunua vidonge dukani bila cheti asione haya, aende kwa daktari amwambie ukweli wa hesabu yake. Simu ya NACADA, nambari 1192, hailipiwi. Na aliyekwisha kuvuka mpaka akaingia katika unga, hospitali ya Mathari pale Nairobi hutoa dawa ya methadoni tangu 2014.

Mwisho ni juu ya kazi na haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Mapatano ya Chama na mwajiri huweza kuzidisha hizo. Pimeni wenyewe: anayeacha ghafula anaweza kulala siku 10, na sehemu kubwa ya haki yake ya mwaka imekwisha. Anayepunguza polepole anaweza kwenda kazini.

Lakini na sisi tuwe wa kweli. Dereva wa injini, mwenye kushika ishara na mwenye kubadili njia wanabeba roho za watu. Wamwambie daktari kazi yao ni gani, na wakati wa kusinzia au kutetemeka waombe kazi nyepesi, wakiwa na barua ya daktari mkononi. Sheria ile ile, kifungu cha 44, humruhusu mwajiri kumfukuza mara moja aliyelewa kazini hata asiweze kazi yake. Na kifungu cha 41 kinasema mtu asiachishwe kwa makosa au kwa udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenzake au mjumbe wa Chama awepo. Basi anayetaka kuanza kupunguza aende kwa mjumbe wake mapema, kabla mkubwa wake hajaandika lo lote. Mjumbe naye aifunge siri hiyo, asiitembeze klabuni.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akiwaambia anataka kuacha vidonge, msimpigie makofi na kusema viache leo. Mwulizeni kwanza: vinaitwaje, na umevimeza muda gani? Kisha mfuataneni naye kwa daktari.

 Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.