Kupigwa Hakumo Katika Kazi Yetu

(Hotuba kwa wanachama wanaofanya kazi katika vyumba vya dharura vya hospitali)



Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaacha usingizi. Nina jambo moja tu. Mwuguzi, tabibu, daktari, dereva wa ambulansi, mfagiaji na askari wa mlangoni hutukanwa, husukumwa na hupigwa kazini, na wengi wetu tumezoea kusema, "Ndiyo kazi yenyewe." Sivyo. Hakuna barua ya kuajiriwa iliyosema kwamba mshahara ni pamoja na makofi.

Kwanza tujue sababu. Chumba cha dharura hakifungwi usiku wala siku kuu. Huletwa mlevi, huletwa aliyepigwa na aliyempiga, na nyuma yao jamaa wengi wenye hofu. Anayehudumiwa kwanza si aliyefika kwanza, bali ni aliye karibu na kufa. Baba aliyengoja na mtoto wake muda wa saa tatu, akiona mwingine anapitishwa mbele na hakuna anayemweleza, hudhani ni hongo. Dawa zikikosekana, hamwoni yule ambaye hakuziagiza. Humwona mwuguzi aliye mbele yake. Basi mwuguzi hupigwa kwa kosa la mtu aliyekaa ofisini.

Sasa sheria. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 12, inampa mhudumu haki ya kufanya kazi mahali pa salama. Inampa pia haki ya kukataa kumtibu mtu anayempiga au kumtukana, isipokuwa wakati wa dharura ikiwa hakuna mhudumu mwingine. Ndugu, lishikeni neno hilo "isipokuwa". Dharura ndiyo kazi yetu ya kila siku, na usiku mara nyingi huwa hakuna mwingine. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sisi hatupingi, hata mlevi ni mtoto wa mtu. Lakini ikiwa wenzetu wa idara nyingine wanaweza kuondoka na sisi hatuwezi, basi deni la mwajiri kwetu ni kubwa zaidi. Asiyeruhusiwa kukimbia lazima alindwe.

Deni hilo limeandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimisha mwenye mahali pa kazi kulinda usalama wa watu wake. Palipo na wafanyi kazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama. Nayo Mapatano Nambari 190 ya Shirika la Kazi Duniani, yaliyopitishwa Geneva mwaka 2019, yanahesabu vitisho na udhalilishaji pamoja na kipigo. Je, hospitalini kwenu kamati hiyo ipo? Ilikutana lini?

Madai yetu ni haya:

1. Mlango uwe na askari aliyefunzwa, na mgonjwa aingie na jamaa mmoja tu.
2. Kila zamu iwe na mtu wa kutoka nje kuwaeleza wanaongoja kwa nini wanangoja.
3. Chumba cha kutibia kiwe na kengele, na mlango wa pili wa kutokea.
4. Mfanyi kazi asiachwe peke yake usiku.

Na sisi tuna wajibu wetu. Ukipigwa, mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo, na jambo liandikwe katika kitabu cha zamu. Nenda polisi upate nambari ya OB na fomu ya P3. Ukiumia, mwajiri ana siku 7 tangu kupata habari kumwarifu Mkurugenzi wa usalama kazini, kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Nakala mletee mjumbe wa chama. Mfagiaji naye afanye hivyo hivyo, asidhani mambo haya ni ya madaktari.

Jambo lisiloandikwa, mwajiri husema halikutokea. Mtu mmoja akilalamika huitwa mgomvi. Tukienda wote na karatasi mkononi, tutasikilizwa.