KIZUNGUZUNGU SI ULEVI

(Haya ni mazungumzo ya mama mmoja mkulima wa Miyuji, Dodoma, mbele ya wanakisomo wenzake. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Mwalimu ameniomba niwaeleze habari za ugonjwa wangu. Mie si mganga. Mie ni mkulima wa uwele na zabibu, hapa hapa Miyuji. Lakini ugonjwa huu nimekaa nao miaka minne. Naujua kama ninavyolijua jembe langu.

Siku ya kwanza ilikuwa alfajiri. Niligeuka kitandani, upande wa kulia. Mara nyumba yote ikazunguka. Ukuta, mlango, paa, vyote vilikimbia kama gurudumu la baiskeli. Nikashika kitanda kwa mikono miwili. Mnajua huku kwetu Dodoma ardhi hutikisika mara nyingine. Nikamwamsha mume wangu, "Amka, ardhi inatikisika!" Akasema, "Ardhi gani? Mbona mie sisikii kitu?" Kabla sijahesabu hadi sitini, kukatulia. Kisha nikatapika.

Tukasema ni chakula cha jana. Lakini kesho yake kikarudi. Nikiinua uso kutazama vichala vya zabibu, nazunguka. Nikiinama kuokota kuni, nazunguka. Nikikaa kimya, hakuna kitu.

Siku moja nilitoka gengeni saa tatu asubuhi. Mtu akaniita kwa nyuma. Nikageuza kichwa haraka, nikapepesuka, nikaanguka na kikapu changu. Nyanya zikatawanyika njiani. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi huyu kaamkia ujimbi." Nilimsikia. Sikujibu. Ningejibu nini, na mie mwenyewe sikujua nina nini?

Jambo lililoniumiza zaidi ni hili. Mjukuu wangu alikuwa na miezi minane. Jioni moja nilimbeba mgongoni, nikainama kuchochea moto. Kizunguzungu kikanijia. Nikaanguka kando ya mafiga, uji ukamwagika. Namshukuru Mungu, ulimwagikia upande wa pili. Mtoto alilia kwa kushtuka tu.

Toka siku hiyo mkwe wangu hakuniachia mtoto tena. Alikwenda naye shambani, juani, kuliko kumwacha kwangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, pumzika." Ndugu zangu, neno lile lilinichoma kuliko moto. Lakini alikuwa na haki.

Majirani nao walisema mengi. Huyu anasema kifafa. Yule anasema nimerogwa. Tukatoa mbuzi mmoja kwa mganga wa jadi. Mbuzi akaenda, kizunguzungu kikabaki. Nikanunua vidonge dukani, vya kutuliza kizunguzungu. Nikavimeza miezi mitano bila kuuliza mtu. Nikawa nasinzia mchana, na mikono ikaanza kutetemeka.

DAFTARI LANGU

Mwisho nikaenda zahanati. Mganga alinipima presha, akapima damu yangu, akapima malaria na sukari. Vyote vilikuwa vizuri. Akaniuliza, "Mama, unajua kuandika?" Nikasema, "Najua, nimemaliza kisomo." Akasema, "Basi kila kizunguzungu kikija, andika. Siku gani, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, kimekaa muda gani. Rudi baada ya wiki mbili."

Nikachukua daftari langu la kisomo. Nikaandika hivi:

Jumatatu, alfajiri. Nimegeuka kulia kitandani. Muda mfupi.

Jumatano, saa nne. Nimetazama juu kwenye mizabibu. Muda mfupi.

Ijumaa, jioni. Nimeinama kupepeta. Muda mfupi, nimetapika.

Niliporudi, mganga alisoma daftari lote. Akasema, "Mama, umeniletea jibu. Kizunguzungu chako hakiji hovyo. Kinakuja ukigeuza kichwa, na hakifiki dakika moja. Hiki kinatoka sikioni." Nikastaajabu. Sikio haliniumi, na ninasikia vizuri!

MAFIGA MATATU

Mganga akanieleza hivi. Mtu anasimama wima kwa msaada wa vitu vitatu, kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni macho. La pili ni miguu na viungo, vinavyosikia ardhi. La tatu limo ndani kabisa ya sikio. Figa moja likilegea, chungu kinayumba. Ndiyo maana mtu mwenye ubovu wa sikio la ndani huyumba zaidi gizani. Macho hayamsaidii.

Ndani ya sikio mna mifereji mitatu midogo sana, imejaa maji. Chukua kibuyu chenye maji, ukizungushe. Maji ya ndani hujongea, na sikio la ndani hutambua mjongeo huo. Hivyo ndivyo unavyojua kichwa kimegeuka. Karibu na mifereji hiyo pana chembe ndogo za chokaa. Mahali pake ni pengine, si ndani ya mfereji. Chembe hizo zikibanduka na kuingia mferejini, huyasukuma maji wakati yangepaswa kutulia. Sikio linapeleka habari za uongo, "Tunazunguka!" Macho yanasema, "Hatuzunguki." Mwili unachanganyikiwa, unatapika.

Mwalimu wetu alinitafutia habari za watu waliogundua mambo haya. Zamani, huko Vienna katika nchi ya Austria, alikuwako daktari aitwaye Robert Bárány. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Maji yakiwa baridi, mgonjwa alipata kizunguzungu. Yakiwa ya moto mno, vilevile. Yakiwa na joto la mwili, hakuna kitu. Hapo akatambua kwamba maji ya sikio la ndani hujongea yakipata baridi au moto. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Wakati huo alikuwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi.

TIBA ISIYO NA SINDANO

Mganga wa zahanati alinipeleka kwa daktari wa masikio mjini. Daktari aliniketisha kitandani. Akageuza uso wangu kulia, nusu ya njia kuelekea begani. Akanilaza haraka, kichwa kikaning'inia kidogo nje ya kitanda. Nyumba ikazunguka! Nikapiga kelele. Akasema, "Vumilia, mama, usifumbe macho." Kikatulia. Akageuza uso wangu kushoto, tukangoja. Nikalalia ubavu wa kushoto, uso ukatazama sakafu, tukangoja tena. Kila mara tulingoja nusu dakika au zaidi. Kisha akaniketisha polepole.

Basi, ndiyo hiyo tiba. Chembe zinasogezwa mpaka zitoke mferejini. Njia hii iliandikwa na daktari Mmarekani, John Epley, mwaka 1992. Mwanzoni madaktari wenzake wengi hawakumwamini.

Nilifanyiwa mara mbili, wiki moja kati yake. Kizunguzungu kikaisha. Vidonge vya dukani aliniambia niviache. Alisema dawa za namna ile ni za siku chache tu, na zikimezwa muda mrefu zinaweza kuleta mtetemeko. Mikono yangu imetulia sasa.

Lakini sitawadanganya. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Kwangu umerudi mara mbili. Tofauti ni kwamba sasa ninaujua, siuogopi, na ninajua mahali pa kwenda. Wewe nawe usijaribu tiba hii peke yako mara ya kwanza. Shingo yako ikiwa mbovu unaweza kujiumiza. Tena ni lazima ijulikane kwanza ni sikio lipi.

KIZUNGUZUNGU KINA WAZAZI WENGI

Ndugu zangu, asiseme mtu kwamba kila kizunguzungu ni chembe za sikioni. Kiko cha njaa. Kiko cha kiu na jua kali. Kiko cha upungufu wa damu, hasa kwa akina mama wajawazito. Kiko cha presha, cha sukari, cha malaria. Kiko cha sikio linalotoka usaha. Sikio la namna hiyo usilitie mafuta wala majani, nenda zahanati.

Tena kiko cha dawa. Zamani sindano za streptomisini zilitumika sana kutibu kifua kikuu. Ziliokoa watu wengi. Lakini kwa wagonjwa wengine ziliharibu sikio la ndani. Walipona kifua, wakabaki kuyumba. Kwinini nayo inaweza kuleta mvumo masikioni na kizunguzungu. Sisemi tuache dawa za hospitali, hapana! Nasema, ukimeza dawa ukaona kizunguzungu, mwambie mganga upesi.

Na kuna dalili ambazo hazingoji daftari. Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, au mkono au mguu kufa ganzi, au maneno kutoka vibaya, au kuona vitu viwili viwili, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, au kushindwa kabisa kutembea, au kupoteza fahamu, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi. Homa pamoja na shingo ngumu, vilevile, usingoje asubuhi.

JINSI NINAVYOISHI NACHO

Sasa niwaambie mambo ninayoyafanya kila siku.

Moja, nikiamka sisimami mara moja. Nakaa kando ya kitanda, nahesabu hadi thelathini, ndipo nasimama.

Mbili, kikinijia, nakaa chini pale pale nilipo, hata kama ni njiani. Aibu ya kukaa chini ni ndogo kuliko kuvunjika nyonga.

Tatu, sipandi juu ya paa kuanika nafaka. Siinami juu ya kisima kilicho wazi. Wakati kizunguzungu kimerudi, sibebi ndoo kichwani wala sipandi baiskeli.

Nne, usiku natembea na tochi na fimbo. Kwetu Ugogoni fimbo si aibu. Wanaume wengi wanatembea nayo, mbona mie nisitembee nayo?

Tano, nikichota kitu chini, napiga magoti, siinamishi kichwa.

Sita, silali kitandani mchana kutwa kwa hofu. Daktari alisema mwili hujifunza tena kwa kutembea. Mwenye kulala tu anazidi kuyumba.

TUSICHEKE

Nimebakiza neno moja. Mwaka 1973 mama yangu alikuwa katika kikundi cha Mtu ni Afya, kile kisomo cha redioni. Walisikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Mama alikuwa akituambia, "Ugonjwa una chanzo, utafute." Mie nilisahau neno lake. Nilitafuta mchawi, nikaacha kutafuta chanzo. Ninyi nanyi mlitafuta mlevi. Wote tulikosea.

Mtu akipepesuka asubuhi, mshike mkono kwanza. Mketishe kivulini. Muulize, "Umekula? Unaumwa?" Kama ni mlevi, hutapungukiwa kitu. Kama ni mgonjwa, umemwokoa.

Mkwe wangu alikwenda nami kwa daktari, akasikia maneno yote kwa masikio yake. Tuliporudi tukapatana masharti. Sitambeba mtoto mgongoni. Sitakaa naye karibu na moto. Nitampakata nikiwa nimekaa chini, mkekani. Siku ile ile jioni alitandika mkeka uani, mbali na jiko. Akasema, "Mama, kaa." Nikakaa. Akaniwekea mtoto mapajani.

Mtoto huyo sasa anajua kuhesabu. Asubuhi huja kando ya kitanda changu, tunahesabu pamoja hadi thelathini, ndipo tunasimama.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mafiga matatu yanayomsimamisha mtu wima ni yapi?

2. Daftari la mama huyu lilimsaidia mganga kwa njia gani? Wewe ungeandika nini?

3. Taja dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

4. Je, mkwe alifanya haki kumnyima mama mtoto? Jadilini.

5. Katika kijiji chenu, mtu akianguka njiani watu hufanya nini? Mngependa wafanye nini?