Usonji na Lugha Mbili: Mazungumzo na Wazazi wa Ashkhara



Katika nyumba yenye Kiswahili ndani na Kiarabu nje, mtoto anapochelewa kusema, jirani hushauri: "Lugha zimemchanganya, ngojeni." Ushauri huo una upendo, lakini hupoteza miezi. Lugha mbili hazisababishi usonji. Wala hazimzuii mtoto kunyoosha kidole akuonyeshe mashua ufukweni, au kugeuka aitwapo jina lake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyefanya hayo, au mtoto wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kituo cha afya, hata kama anakula na kukimbia vizuri.

Yapo maswali 20 yanayotumika katika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Majibu yake si hukumu. Huonyesha tu nani achunguzwe zaidi, ikiwemo kupimwa masikio. Kiarabu kikiwa kigumu, ombeni mkalimani, wala msimtwike kazi hiyo mtoto mkubwa wa nyumba.

Wako wanaoona haya, wakidhani msiba huu ni wao peke yao. Utafiti wa Oman uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta watoto 1.4 wenye usonji kwa kila 10,000. Ule wa mwaka 2019 ulikuta 20.35. Ugonjwa haukuambukizwa: macho ya kuutambua ndiyo yaliyoongezeka. Na chanjo ya surua isilaumiwe. Makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha na usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayewauzia dawa hiyo anawauzia maji. Yanayosaidia ni mafunzo ya mawasiliano na ya kujitegemea, nayo hufaa zaidi yakianza mapema. Dua isomwe, na miadi ishikwe.

Nyumbani msiache Kiswahili. Semeni naye kwa maneno machache, mkimwonyesha kitu chenyewe, kisha mumpe nafasi ajibu, hata kwa mkono.

Siku ya miadi chukueni kadi ya chanjo, orodha ya maneno anayoyasema kwa lugha zote mbili, na picha fupi ya video akicheza nyumbani. Kelele zikimtaabisha, mwambieni muuguzi mapema, mwombe kusubiri mahali palipo kimya.