Ziwa ni moja: kupumzisha samaki ni kazi ya nchi zote nne

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Uvira



Jioni, ukisimama ku pwani ya Kalundu, unaona taa za Bujumbura ng'ambo. Katikati ya maji kuna taa zingine ndogo ndogo. Ni wavuvi wa kwetu na wavuvi wa Burundi, kila mtu anaita ndagala kwa mwangaza wake. Ukiwa pwani huwezi kujua taa gani ni ya nani. Ndagala naye hajui. Njo jambo lililonileta hapa leo.

Mimi ni mtoto wa mama muuzaji wa ndagala. Minerivali yangu yote ililipwa na ndagala: mama alinunua asubuhi ku mtumbwi, akaanika, akauza. Nilimaliza chuo kikuu, diploma iko ndani ya sanduku, kazi sijapata. Mpaka leo tunakula kwa ile ndagala. Kwa hiyo musinichukue kama mtu wa semina. Samaki ikikosekana, kwetu chungu hakipandi ku moto.

Tuangalie hesabu kidogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670 na kina kinachopita mita 1,400. Tunaligawana nchi nne: Kongo ina karibu asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Sasa, mara ngapi tumesikia ku soko: "Warundi njo wanamaliza samaki yetu"? Wandugu, wenye sehemu kubwa kupita wote ni siye. Mwenye vyumba vingi ndani ya parseli hawezi kila siku kumlaumu mwenye chumba kimoja juu ya uchafu.

Tena samaki ni wale wale. Ile tunaita mukeke, Kigoma wanaiita mgebuka. Ndagala yetu, Tanzania ni dagaa, Zambia ni kapenta. Jina linabadilika ku mpaka, samaki haibadiliki. Ile mwenzako ameacha leo ng'ambo, kesho inaweza kuingia ndani ya wavu wako.

Kwa nini inapungua? Sababu ni nyingi. Mitumbwi imeongezeka. Nyavu zina macho madogo sana, na wengine wanavua hata na chandarua ya mbu, karibu na pwani, pale watoto wa samaki wanakulia. Milima imekatwa miti. Mvua ikinyesha, udongo unashuka na mito mpaka ziwani, unafunika mawe na majani pale samaki wengi wanazalia. Siye wa Uvira tunajua mto ukikasirika unaleta nini: Aprili 2020, Mulongwe ilitubebea watu na nyumba. Na kuna joto. Maji ya juu yakipata joto zaidi, upepo wa kiangazi unashindwa kuyachanganya vizuri na maji ya chini, na chakula cha samaki kinabaki kule chini. Hii ya joto, Uvira peke yake haiwezi kuitengeneza. Zile zingine tunaweza.

Serikali zetu zinajua. Tarehe 12 Juni 2003, nchi zote nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa kule Dar es Salaam. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliundwa, ofisi yake iko Bujumbura, pale tunaona taa. Mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wazo lenyewe ni zuri. Ndagala haiishi sana, ni kama mwaka mmoja tu, na inakua haraka. Ukiiacha kidogo, inazaa.

Kuna wenzetu wanasema tupinge kufunga ziwa. Mimi nasema hapana. Lakini nasema pia yale niliona. Miezi ile mama aliuza makala, na makala ni miti ya ile milima. Muone vile tunazunguka: tunaponya samaki huku, tunaharibu mazalio yake kule. Usiku niliona mtumbwi unatoka baada ya mtu kutoa kitu ku mkono wa mwenye kumzuia. Samaki ilitoka ku soko la wazi, ikaingia kwa mlango wa nyuma, bei ikapanda. Aliyeheshimu sheria alilala njaa, aliyeivunja alikula. Sheria ya namna hiyo inafundisha watu kuiba.

Njo maana tunaomba mambo matatu, na tunayaomba kwa nchi zote nne.

Moja: tarehe ijulikane mapema na iwe moja ku pwani zote. Mmoja akifunga na mwingine akavua, huyo wa kwanza amefanya kazi ya bure.

Mbili: mvuvi, na mama mwenye kuanika na kuuza, wapate msaada wa miezi ile, hata kazi ya kulipwa ya kupanda miti ku milima na kusafisha mito. Kuambia mtu mwenye njaa angojee, bila kumpa kitu, ni kumtupa.

Tatu: nyavu mbaya zikamatwe pale zinapoingilia na kuuzwa, siyo tu ku mtumbwi wa maskini. Na anayekamata atoe karatasi, tujue wavu umeenda wapi na faini imeingia wapi.

Na siye vijana? Tusingoje. Tuutafute ule mkataba, tuusome, tuueleze kwa Kiswahili ku pwani na ku soko. Tuko na simu: tuongee na vijana wa Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, tuulizane kila mtu kwake wanafunga vipi. Na nyumbani tuache kununua ndagala ya kitoto juu ni bei ya chini.

Mama yangu alinisomesha na ziwa hili. Mimi sina pesa ya kumrudishia. Lakini naweza kusimama ili mtoto wa muuzaji mwingine, huku ama ng'ambo, naye alipiwe minerivali na ndagala.

Kidole kimoja hakivunji chawa.