Mionzi ya Eksirei na Watumishi Wanaokaa Karibu Nayo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Mmenitaka niseme habari za mionzi ya eksirei, maana wengi wetu twafanya kazi hospitalini, na wengine hupelekwa huko kupigwa picha ya kifua. Kati yetu wako waiogopao picha hata wakaikimbia, na wako waidharauo mionzi hata wakasimama mbele yake kila siku. Yote mawili yatokana na kutojua.

Mionzi hii iligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na Bwana Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg katika Ujerumani. Aliiita X kwa kuwa katika hesabu herufi hiyo ni alama ya kitu kisichojulikana. Kabla ya mwaka kwisha alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ikaonekana pamoja na pete kidoleni.

Chombo chenyewe ndani yake mna chupa iliyotolewa hewa. Upande mmoja mna uzi wa madini utiwao moto kwa umeme, na upande wa pili kipande cha madini ya tangisteni. Umeme wa volti makumi ya maelfu huzisukuma chembe ndogo mno, ziitwazo elektroni, zikapige tangisteni kwa nguvu. Karibu nguvu hiyo yote hugeuka joto; sehemu kama moja tu katika mia huwa mionzi. Mionzi hupenya nyama kwa urahisi, lakini mifupa yenye chokaa huizuia. Palipofikiwa na mionzi picha huwa nyeusi, palipozuiwa huwa nyeupe. Ndiyo sababu mapafu yenye hewa huonekana meusi, na ugonjwa wa kifua kikuu huonekana ndani yake kama wingu.

Basi mgonjwa asiogope. Picha moja ya kifua humpa kama milisiverti 0.1 au pungufu, hali kila mwanadamu hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Tena chombo kikizimwa, mionzi hukoma kama nuru ya taa. Haibaki chumbani wala mwilini.

Walakini hali ya mtumishi ni nyingine. Katika Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliiweka mikono yake mbele ya mionzi mara nyingi. Ikaungua, ikakatwa, naye akafa mwaka 1904. Mwaka 1936, mjini Hamburg, ilisimamishwa nguzo yenye majina 169 ya watu waliokufa kwa kazi ya mionzi. Hao hawakuwa wagonjwa waliokuja kupigwa picha. Walikuwa madaktari, wauguzi na mafundi.

Nasema hayo kwa sababu katika hospitali moja nilimwona mfagiaji akiitwa kumshika mtoto asiyetulia, bila vazi la kinga. Niliambiwa kwamba huitwa hivyo kila mara. Mama wa mtoto akishika, atashika mara moja. Mfagiaji atashika mara mia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa mionzi hii sote tu vipofu: haionekani, hainuki, haiumi.

Kinga ni tatu. Kwanza, muda: usikae pale pasipo haja. Pili, umbali: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua hata robo. Tatu, kizuizi: simama nyuma ya ukuta, au vaa vazi lenye madini ya risasi. Mwanamke mwenye mimba, au adhaniye anayo, aseme kabla ya picha. Na kila afanyaye kazi hiyo avae beji ya kupima mionzi, isomwe kwa wakati wake, maana kipimo kikubalikacho na mataifa kwa mtumishi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka.

Kwa hiyo naomba chama chetu kiwaombe wakuu wa hospitali, kwa adabu na kwa maandishi, mambo mawili: asiitwe mtumishi wa kazi nyingine kushika wagonjwa, na kila mwenye beji aonyeshwe hesabu yake. Hatuombi upendeleo. Twaomba kujua kile tusichoweza kukiona.